Nimeipokea Hivi Hivi

Nitaanza na yale ninayoweza kuyathibitisha. Ujumbe ulikuwa na mistari minne. Uliingia kwenye kundi letu la simu, kundi la watu wazungumzao Kiswahili hapa Birmingham, siku ya Jumanne saa saba mchana na dakika chache. Aliyeutuma alikuwa ameketi kwenye korido ya hospitali akimsubiri mgonjwa wa kumtafsiria, na chai ya mashine ilikuwa inapoa mkononi mwake. Juu ya ile mistari aliweka maneno matatu ambayo kila mwenye simu miongoni mwetu anayajua: Nimeipokea hivi hivi.

Ukiandika maneno hayo, umejitoa. Unasema wewe ni tarishi tu, habari imekukuta njiani na wewe umeipitisha. Ikiwa ni ya uongo, si uongo wako. Ikiumiza mtu, akamtafute aliyeianzisha. Sijawahi kumwona mtu akimtafuta.

Mimi sikuipokea popote. Niliitunga pale pale koridoni, kwa kidole gumba kimoja.

Mlengwa wa mistari ile tulimwita Mwalimu. Kabla ya kuja huku alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi upande wa Taita. Hapa alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya kutunzia wazee, Castle Vale. Mumewe alikata vyuma katika kiwanda kidogo Aston. Walikuwa watu wa kufika mapema kwenye mialiko na kuosha sufuria kabla ya kuondoka, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekuwa akiwatazama sana.

Mwaka wa uchaguzi nyumbani Kenya, Mwalimu alipigiwa simu na mwanamume aliyewahi kuketi naye kwenye kamati ya shule. Alikuwa mhandisi wa maji, amechimba visima sehemu nyingi za kule, na watu walimwita Injinia. Alikuwa ameamua kugombea urais. Hakuwa na chama. Alikuwa mgombea huru, wa wale ambao magazeti huwaweka kwenye aya ya mwisho inayoanza na neno "wengine". Nilipokuwa ripota Nairobi niliiandika aya hiyo mara nyingi, na sikumbuki kama niliwahi kumpigia simu hata mmoja wao. Sasa sheria inataka kila anayegombea urais awe na mgombea mwenza, na wote wawili wafike pamoja siku ya kuwasilisha karatasi. Injinia alikuwa amewaomba watu wengi.

"Kwa nini akakuchagua wewe?" nilimuuliza Mwalimu.

"Alisema mimi ndiye wa kwanza ambaye sikucheka."

Hayo aliniambia jikoni kwake, siku niliyokwenda kumhoji. Mimi ndiye niliyeomba. Nilitaka kuandika makala ya kurasa tatu na kuituma kwenye kundi, watu wajue kwamba kati yetu yumo mtu ambaye huenda jina lake likachapwa kwenye karatasi ya kura. Nilifika na daftari langu namba kumi na nne, maana madaftari yangu yote yana namba, na kalamu mbili.

Nilipata mambo mazuri. Aliniambia fomu zake za uraia wa Uingereza zilikuwa zimejaa nusu alipopigiwa simu, na kwamba alizirudisha kwenye droo siku hiyo hiyo, kwa sababu mwenye utii kwa nchi mbili hawezi kugombea. Aliniambia kwamba akiwa kazini alijizoeza hotuba yake mbele ya mashine za kufulia, kwa kuwa zilikuwa na kelele kama umati wa watu na hazimkatizi. Mtengeneza simu mmoja tunayemwita Fundi alikuwa amefika huko na simu kumrekodi. Binti yake, aliyezaliwa hapa, alipita na kipande cha mkate mdomoni, akasikia, akajibu kwa Kiingereza kwamba angalau mashine haziwezi kutoka ukumbini.

"Unamsikia?" Mwalimu alisema. "Kiswahili anakisikia chote. Kukizungumza, ni kama amekatazwa na daktari."

Halafu akanieleza maana ya cheo alichopewa. Alichukua kitambaa cha meza, akanipa ncha mbili nizishike.

"Sisi kule kazini hatukunji shuka peke yetu. Shuka la kitanda ni kubwa, ukilikunja mwenyewe linaburura chini na unalifua tena. Lazima mwenzako ashike huku, wewe ushike kule, mkutane katikati. Huyo ndiye mwenza. Hazungumzi sana. Anashika ncha."

Nikaandika yote. Nilipokuwa nikifunga daftari alisema, "Hilo la mashine usiliandike, Ripota. Nje ya nyumba hii nimewaambia watu wawili tu, wewe na Fundi. Watu watanicheka."

Nikamwahidi.

Makala nikaituma siku ya Jumapili. Kurasa tatu, bila mashine. Walioniandikia kwamba wameisoma walikuwa wanne, mmoja wao akiniuliza kama najua mtu anayeuza kabati. Nilikaa na jambo hilo Jumapili nzima na Jumatatu nzima. Ningependa kusema kwamba nilichotaka ni kuwachekesha watu tu. Lakini nimekuwa ripota kwa muda mrefu wa kutosha kujua swali linalofuata. Mimi nilikuwa nimefukuzana na misafara ya wakubwa nikiwa na kinasa sauti mkononi, na hapa kazi yangu ilikuwa kumuuliza mzee wa watu kwa lugha mbili kama amepata choo. Na mtu wa kufua mashuka ndiye aliyekuwa anakwenda kwenye karatasi ya kura. Siku ya Jumanne, koridoni, nikaandika hivi:

"Habari zimetufikia kwamba yule mgombea huru ameoa Uingereza. Mke mkubwa yuko nyumbani anapika, mke mwenza yuko Castle Vale anafua. Hotuba ameshaisomea mashine ya nguo, na mashine imempigia makofi. Wananchi, Ikulu tandikeni vitanda viwili."

Lugha yetu imetupa neno moja kwa mambo mawili. Mgombea mwenza ni wa siasa, mke mwenza ni wa ndoa ya wake wengi. Mtoto wa darasa la tatu angeweza kuuona mzaha huo, na nadhani watu wazima wote kwenye kundi walikuwa wameuona tangu mwanzo. Walinyamaza kwa heshima. Mimi ndiye niliyeusema, kisha nikasema nimeupokea.

Kabla mgonjwa wangu hajaitwa, vicheko vilikuwa vimejaa kwenye kioo cha simu. Jioni nililetewa ujumbe ule ule na binamu yangu aliye Mombasa, ukiwa na maneno matatu yale yale juu yake. Nilimjibu kwa kicheko.

Siku ya Ijumaa Mwalimu alinipigia simu akaniomba niende. Nilimkuta bado amevaa sare ya kazi, ameketi na simu mezani kama mtu aliyeweka pale kitu kilichookotwa.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Baba watoto hataki nisafiri."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Kwa sauti ya chini, bila hasira, alinieleza mambo yaliyotokea kiwandani. Anafanya kazi na Watanzania wawili na kijana mmoja wa Goma. Asubuhi ya Jumatano Mtanzania mmoja alimpokea getini: "Shikamoo, mume mwenza! Leo ni zamu yako au ya mheshimiwa?" Yule wa Goma akaongeza wakati wa chakula: "Ndugu, bibi yako anaenda kwa prezida, na ni weye unamubebea valizi?" Wakacheka mpaka msimamizi, Mwingereza asiyejua neno hata moja, akacheka nao.

"Siwalaumu," mumewe alisema. "Wao wamepokea tu. Lakini nikimpeleka kiwanja cha ndege Jumatatu ya wiki ijayo, nimekubali walichosema. Mtu afanye mzaha wa mke wangu, na mimi nibebe sanduku?"

"Ningejua aliyeanzisha," Mwalimu alisema, "huyo mtu aje asimame hapa, amwambie baba watoto kwamba ni uongo, aliutunga, basi. Angemwelewa. Sivyo?"

Mumewe alifikiri. "Akija, nitamsikiliza."

Hapo ndipo Mwalimu aliponigeukia. "Wewe ndiyo kazi yako, Ripota. Unajua kuifuata habari mpaka pale ilipotoka. Nisaidie. Ndege ni Jumatatu, karatasi ni Jumatano. Injinia hana mwingine."

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilinizuia. Nilikuwa nimeketi pale pale. Aliyetakiwa kusimama alikuwa mimi, sentensi iliyotakiwa ilikuwa fupi, na aliyetakiwa kuisikia alikuwa hatua mbili mbele yangu, ameshasema kwamba atasikiliza. Nilifungua daftari.

Nikafanya uchunguzi. Naona aibu kusema kwamba niliufanya vizuri. Nilimpigia mama mmoja wa Moseley anayepika kwenye sherehe, nikamuuliza aliupata kwa nani na saa ngapi. Nilimhoji Mtanzania wa kiwandani. Niliandika majina, saa, mishale kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kila nilipomaliza mazungumzo mtu aliniambia, "Pole kwa kazi." Mishale yote ilirudi kwenye kundi letu, na kwenye kundi ilirudi kwangu, lakini hapo kulikuwa na yale maneno matatu, na yalitosha. Hakuna aliyeniuliza nami nimeipokea kutoka kwa nani. Mwalimu peke yake ndiye aliyeuliza, nikamwambia ilitoka kwenye namba nisiyoijua na nimeshaifuta.

Ni yeye aliyegundua jambo la mashine. Alinipigia Jumamosi asubuhi, siku mbili kabla ya ndege.

"Ujumbe unasema mashine. Ya mashine nilikwambia wewe na Fundi. Twende."

Fundi ana duka dogo la kutengeneza simu Aston, kwenye mtaa wa nyumba zilizoungana, ambako siku za mechi barabara hujaa watu wanaoelekea uwanjani na yeye hufunga mlango nusu. Ni Msomali aliyelelewa Garissa, akapitia Uholanzi, na ulimi wake haujui kupumzika. Yeye ndiye aliyenipa jina la Ripota. Mzaha ukizaliwa mahali popote Birmingham, watu humdhania yeye kuwa baba yake.

"Mheshimiwa Naibu wa Rais!" aliita tulipoingia. "Na Ripota nyuma, na hiyo daftari. Hiyo daftari utazikwa nayo, walahi."

Mwalimu hakuketi. "Ni wewe uliyeandika?"

"Kuandika nini?"

"Habari ya mke mwenza."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Mwalimu wangu. Mimi?"

"Ya mashine niliwaambia watu wawili. Mmoja ni huyu, anayenisaidia kutafuta. Amebaki nani?"

Fundi alinitazama. Sidhani kama alijua. Nadhani alinitazama kama mtu anavyomtazama aliye karibu naye anapoanguka. "Ripota," alisema, "sema kitu, basi."

Niliinamisha kichwa nikaandika: Amekana.

Maandishi hayo ninayo bado. Mwandiko wangu umenyooka.

Mwalimu alimngoja kidogo, kama walimu wanavyomngoja mtoto aseme mwenyewe. Kisha akasema, "Ulinirekodi bure, Fundi, nikakushukuru. Sikujua ulikuwa unachukua malipo yako," akatoka. Fundi alikwenda hadi mlangoni akamwita mara mbili. Watu wa mechi walikuwa wanapita, hakusikika.

Jioni alimwambia mumewe kwamba amempata mtu, lakini amekana, na hatakuja kusimama. Mumewe akasema basi. Jumatatu ndege iliondoka bila yeye. Jumatano Injinia alikwenda na karatasi zake na watu kadhaa wa kijijini waliovaa fulana zilizochapwa nyuso mbili, akarudishwa kwa sababu hakuwa na mwenza. Nilitafuta habari zake magazetini siku hiyo na siku iliyofuata. Hata kwenye aya ya "wengine" hakuwemo.

Ningeweza kusema kwamba baada ya hapo hakukuwa na la kuokoa, na kweli nilijiambia hivyo kwa wiki tatu. Lakini kulikuwa na Fundi. Watu waliacha kupeleka simu kwake. Kwenye arusi moja mama wa Moseley alimpa sahani bila kumtazama. Na Fundi, ambaye sijawahi kumsikia akiwa kimya kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, alijitoa kwenye kundi. Kioo cha simu kiliandika kwamba ametoka, kwa maandishi madogo ya kijivu. Niliyatazama maandishi yale, na siku iliyofuata nikapanda basi la Castle Vale.

Niliwakuta wote wawili. Nilikuwa nimejipangia maneno, lakini nilianza vibaya. "Mwalimu, ule ujumbe," nikasema, "mimi sikuupokea."

Alielewa kabla sijamaliza. Nilimwona akirudi nyuma kimawazo, siku moja baada ya nyingine.

"Ijumaa ile ulipokaa hapo, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na dukani kwa Fundi."

"Ndiyo."

Mumewe aliinuka, akaenda kuzima jiko lililokuwa na sufuria, akabaki amesimama akiwa ametupa mgongo.

"Nipe daftari," Mwalimu alisema.

Nilimpa. Alivaa miwani yake, akaanza kulisoma tangu mwanzo wa uchunguzi, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Alipita mishale. Alipita mama wa Moseley, Mtanzania, saa na dakika. Akafika mahali nilipoandika kichwa cha habari na kukipigia mstari kwa rula: Watu waliojua habari ya mashine. Chini yake palikuwa na jina moja, la Fundi.

Alichukua penseli kutoka kwenye kikombe kilicho dirishani, akaiweka juu ya ukurasa, akanisogezea.

"Orodha haijakamilika," alisema.

Nikaandika jina langu. Aliligeuza daftari upande wake, akalisoma, akahakikisha linasomeka.

"Sasa kwenye kundi. Kwa jina hilo hilo. Na juu yake usiandike kwamba umeipokea."

Niliandika pale mezani, yeye akiangalia. Mara mbili alinirudisha: nilipoandika kwamba kulitokea makosa, akasema, "Yalitokea yenyewe?", na nilipoandika kwamba ulikuwa mzaha, akasema niondoe. Nilipotuma, alivua miwani.

"Umechelewa," mumewe alisema bila kugeuka. "Ningekusikiliza. Nilisema."

"Ulisema," nikajibu.

"Kwa Fundi utakwenda kwa miguu yako," Mwalimu alisema. "Hiyo haitumwi kwa simu."

Nilikwenda alasiri hiyo hiyo. Duka lilikuwa tupu. Fundi alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa tumbo, taa ya mezani imezimika, anatumia mwanga wa mlangoni. Nilisimama nikamwambia yote, kwa mpangilio, tangu koridoni. Hakuinua kichwa. Nilipofika kwenye neno "amekana" bisibisi ilisimama, kisha ikaendelea.

Nilipomaliza alifuta mikono, akachukua simu yake, akatafuta kitu kwa muda, akaniwekea mezani.

Ilikuwa video ya hotuba. Sikuwahi kuiona, nilisimuliwa tu. Chumba cha kufulia, mashine nne zinazunguka, na Mwalimu katikati na sare yake, anapaza sauti juu ya kelele. Anasema yeye ni mgombea mwenza, na atawaonyesha wananchi kazi yake ni nini. Anachukua shuka kubwa jeupe. "Halikunjwi na mtu mmoja," anasema, na anamwita mtu aliye nje ya picha. Sauti ya Fundi nyuma ya simu inasema, "Ingia, mzee, usione haya, wewe ndiye wananchi."

Anaingia mumewe. Amevaa koti la kiwandani, bila shaka alikuwa amekuja kumchukua mkewe kazini. Anashika ncha zake mbili, anarudi nyuma hatua nne mpaka shuka linanyooka, na uso wake, ambao nimeuona kwenye mialiko miaka yote bila kuutazama, umejaa fahari hata hajui aufiche wapi. Wanakutana katikati. Anampa ncha. Anarudi kushika mkunjo wa chini.

Video ilikwisha. Niliomba kuiona tena.

"Sogea kwanza, Ripota," Fundi alisema, akiirudia bisibisi. "Unaniziba mwanga."

Nikasogea.